Mgombea mwenye kauli na tabia za mabavu: tunampimaje kabla ya kumpa kura?

Mzani wa Shaba (mleta uzi)

Wakuu, kila msimu wa uchaguzi tunarudi palepale. Upande mmoja unasema "huyu ni dikteta mtarajiwa", upande wa pili unajibu "hamjazoea mtu mkweli". Ubishi unaisha bila yeyote kueleza anapima nini. Tuweke vipimo mezani. Naomba tu tusimtaje mgombea yeyote aliye kwenye kampeni sasa hivi, tutaishia kutukanana.

Kosa la kwanza ni kupima sauti. Anayefoka jukwaani anaitwa mtu wa kiimla, anayeongea polepole anapita. Alberto Fujimori alifanya kampeni ya mwaka 1990 kule Peru akiwa juu ya trekta, mtaalamu wa kilimo asiye na makuu, akihubiri uaminifu, teknolojia na kazi. Tarehe 5 Aprili 1992 alivunja Bunge huku wanajeshi wakiwa barabarani. Kais Saied wa Tunisia alikuwa mhadhiri wa sheria ya katiba, anaongea Kiarabu sanifu kama msomaji wa taarifa ya habari. Alishinda duru ya pili Oktoba 2019 kwa zaidi ya asilimia 70, na tarehe 25 Julai 2021 akasimamisha Bunge. Msikilizaji wa ukali wa sauti angewapitisha wote wawili.

Kinachopimwa ni uhusiano wa mtu na mipaka. Mtaalamu wa siasa Juan Linz aliandika juu ya dalili hizi mwaka 1978 alipochunguza jinsi demokrasia zinavyoanguka, na mwaka 2018 Steven Levitsky na Daniel Ziblatt wa Chuo Kikuu cha Harvard wakazipanga kuwa nne. Je, anazikataa kanuni za mchezo, au anazikubali kwa masharti? Je, anakana kwamba wapinzani wake wana haki ya kuwepo? Je, anavumilia au anachochea vurugu? Je, yuko tayari kubana uhuru wa raia na vyombo vya habari? Kwa hesabu yao hata dalili moja inatosha kutia wasiwasi. Mimi ya pili naipa uzito kuliko zote, maana inazifungulia nyingine mlango. Mpinzani akishaitwa kibaraka, kumfunga kunageuka kuwa ulinzi wa taifa na hakuna anayeuliza kosa lake.

Namna ya kukusanya ushahidi: chukua hotuba tano nzima, siyo vipande. Moja iwe ya kuzindua kampeni. Moja kwenye ngome yake, ambako hakuna wa kumbishia. Moja mbele ya wafanyabiashara au mabalozi. Moja aliyoitoa baada ya kushindwa kitu, iwe kesi au kura ndani ya chama. Na moja yenye umri wa miaka mitano au zaidi. Kauli inayotoka ngomeni na mbele ya mabalozi bila kubadilika, hiyo ni sera yake. Ikitoka ngomeni tu, kuna hadhira moja inadanganywa, na kazi yako ni kujua ni ipi.

Kisha chora jedwali la safu nne: tarehe na mahali, maneno yenyewe bila kufupishwa, nani atafanywa nini, chombo gani cha dola kitatumika. Safu mbili za mwisho ndizo zinazowatoa watu jasho.

Kiambishi

Mkuu Mzani, hiyo safu ya tatu ni ngumu kwa sababu Kiswahili chenyewe kinampa mgombea pa kujifichia.

Chukua kitenzi *kushughulikia*. "Wote hao watashughulikiwa." Nani atawashughulikia, kwa sheria ipi, na watafanywa nini? Sentensi haina mtenda na haina tendo. Linganisha na "watafikishwa mahakamani". Hapo pia mtenda hatajwi, lakini angalau mahali pametajwa, na mahali hapo pana utaratibu wake. Familia ya *kushughulikia* ni kubwa: kunyoosha, kutia adabu, kula nao sahani moja, "watanitambua", "watajua hawajui". Jaribio lake ni rahisi. Andika sentensi upya kwa kitenzi ambacho sheria inakijua: kukamata, kushtaki, kutoza faini, kufuta leseni, kufukuza kazi. Kisha waulize watu wa kampeni wamekusudia kipi. Wakichagua kimoja, umepata sera ya kujadili. Wakicheka na kusema "mheshimiwa alikuwa anawasha moto tu", andika kwenye jedwali kwamba tendo limeachwa wazi kwa makusudi.

Pili, viambishi vya nafsi. Hesabu *nita-* na *tuta-*, kisha hesabu mara ngapi Bunge, mahakama au wizara imekuwa kiima cha sentensi. "Nitapeleka muswada wa kufuta sheria hii" imetoka kwa mtu anayeijua njia. "Nitaifuta sheria hii siku ya kwanza" imeliruka Bunge zima. Lakini tahadhari: kampeni ni *nita-* kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa hiyo wingi wake peke yake haumtii mtu hatiani. Weka alama nyekundu kwenye *nita-* inayokula kazi ya mhimili mwingine: nitamfunga, nitamwachia, nitafuta kesi hiyo, nitamtoa jaji yule.

Tatu, na hili wengi hawalioni, angalia ngeli. Binadamu wako A-WA. Mgombea anapowahamishia KI-VI au JI-MA, "vijitu hivi", "majitu yale", "vinajifanya vinajua", amewashusha hadhi kwa sarufi kabla ya kuwatukana kwa neno. Baada ya hapo huja wadudu na magugu. Kituo cha redio cha RTLM, kilichoanza matangazo Rwanda mwaka 1993, kiliwaita Watutsi *inyenzi*, yaani mende, na mwaka uliofuata tuliona mauaji ya kimbari. Sisemi kila anayetaja mende anaelekea huko. Tenganisha sitiari inayolenga tendo na inayolenga watu. "Rushwa ni mchwa" ni lugha ya kawaida ya siasa. "Wale ni mchwa" ni jambo jingine, hasa kama "wale" wanajulikana kwa kabila, dini au walikozaliwa, siyo kwa walichokifanya.

Vivumishi vya umiliki navyo vina mtego. "Wananchi wangu" kwa wazee wengi ni mapenzi tu, msikipigie kelele. "Majaji wangu" sijapata kukisikia kikiwa na maana njema.

Kifungu Kidogo

Mimi nichukue safu ya nne. Kauli ya mabavu isiyo na chombo cha kuitekeleza ni kelele. Kauli ya upole yenye theluthi mbili za wabunge nyuma yake ni jambo la kukesha nalo. Fungua katiba ya nchi husika ukitafuta mambo haya: nani anatangaza hali ya hatari, kwa siku ngapi, nani anaiongeza, na haki zipi haziguswi hata hapo, kama rais anaweza kutunga sheria kwa amri, idadi ya majaji wa mahakama ya juu na umri wao wa kustaafu vimeandikwa wapi, nani anateua tume ya uchaguzi na mkuu wa mashtaka, na inahitajika kura ngapi kubadili katiba yenyewe.

Hapo kwenye majaji msipite haraka. Idadi yao ikiwa kwenye sheria ya kawaida, wingi mdogo tu wa wabunge unatosha kuibadili mahakama bila kumgusa jaji hata mmoja. Venezuela ilifanya hivyo mwaka 2004: majaji wa Mahakama ya Juu wakaongezwa kutoka 20 hadi 32, na nafasi mpya zikajazwa. Hungaria ilikuja kwa mlango mwingine. Chama cha Viktor Orbán na mshirika wake walipata kura kama asilimia 53 mwaka 2010, lakini mfumo wa majimbo ukawapa viti 263 kati ya 386, yaani zaidi ya theluthi mbili. Wakaandika katiba mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2012, na umri wa majaji kustaafu ukashushwa kutoka miaka 70 hadi 62 kwa mkupuo. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema Novemba mwaka huohuo kwamba huo ni ubaguzi wa umri. Haki ikapatikana, lakini vyeo vingi vya uongozi wa mahakama vilikwishapata wenyewe wapya.

Kwa hiyo usiishie kwenye "atapata kura asilimia ngapi". Uliza kura hizo zinageuka viti vingapi.

Jambo la pili ni kufuli lisilo na ufunguo. Katiba ya Tunisia ya 2014, kifungu cha 80, ilimruhusu rais kuchukua hatua za dharura, lakini Bunge libaki kwenye kikao muda wote na baada ya siku 30 Mahakama ya Katiba iweze kuulizwa kama dharura bado ipo. Mwaka 2021 mahakama hiyo haikuwepo. Miaka saba ilipita vyama vikivutana kuhusu majina ya majaji. Saied aliposimamisha Bunge, hapakuwa na mlango wa kubisha. Kila ukisoma kinga kwenye katiba, hakikisha taasisi inayotajwa ina watu, bajeti na akidi.

La tatu, usitegemee kiapo. Ghana ilipitisha mwaka 1958 sheria ya kumweka mtu kizuizini hadi miaka mitano bila kumshtaki. Mwaka 1961 wakili J. B. Danquah aliipinga mbele ya Mahakama ya Juu katika shauri la Akoto, akiegemea tamko ambalo katiba ilimtaka rais alitoe anaposhika madaraka. Mahakama ikasema tamko lile ni wajibu wa kimaadili, halimfungi kisheria. Danquah mwenyewe akaja kuwekwa kizuizini kwa sheria hiyohiyo, na akafia gerezani Februari 1965.

Na kasi: Hitler aliteuliwa tarehe 30 Januari 1933. Chama chake kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 37.3 ya kura mwezi Julai 1932 hadi 33.1 mwezi Novemba, na wahafidhina waliomwingiza waliamini wamemzingira kwa mawaziri wao. Jengo la Bunge liliungua tarehe 27 Februari. Kesho yake amri ya rais chini ya kifungu cha 48 cha katiba ikasimamisha haki za msingi, na tarehe 23 Machi Bunge likampa baraza lake mamlaka ya kutunga sheria, kwa kura 94 tu za kupinga, zote za SPD, chama cha kisoshalisti, maana wabunge wa Kikomunisti walikwishakamatwa au kukimbia. Siku 52 jumla.

Baridi Kali

Mnatia chumvi, wakuu. Mkianza na Hitler kila mtu ataonekana Hitler. Wanasiasa hupandwa na hasira, halafu hutii. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta. Siku hiyohiyo aliwaita majaji wakora mbele ya wafuasi wake. Kwa jedwali lenu hiyo ni nyekundu tupu. Lakini aliambia taifa kwamba hakubaliani na uamuzi ila anauheshimu, uchaguzi ukarudiwa Oktoba 26, na muhula wake wa pili ulipoisha mwaka 2022 akaondoka. Vipimo vyenu vingempa alama gani?

Na kuna gharama ya kupiga yowe kila siku. Ukimwita kila mgombea dikteta kwa miaka ishirini, siku atakapokuja mwenyewe watu watakuwa wamekwishaziba masikio.

Kifungu Kidogo

Hoja ya yowe nakupa, Mkuu Baridi, na ndiyo maana jedwali linaandikwa maneno na vyombo badala ya majina ya kuitana.

Ila mfano wako umeukata mapema. Januari 30, 2018, siku Raila Odinga alipojiapisha, serikali ilizima vituo vikubwa vya televisheni. Siku mbili baadaye Mahakama Kuu iliagiza virudishwe hewani, na matangazo yakaendelea kuzimwa kwa siku kadhaa. Kwa hiyo pande zote mbili za rekodi zipo: amri ya kurudia uchaguzi ilitiiwa, amri ya kuwasha televisheni ilicheleweshwa. Alama sahihi inaandikwa amri kwa amri. Kauli ya wakora ilikuwa taarifa kuhusu mtu anavyoiona mahakama inapomkwaza. Haikutosha peke yake kutabiri kitakachofuata, wala haikuwa ya kutupwa.

Kabrasha

Neno "tabia" limetajwa kwenye mada na watu wakilisikia hukimbilia ndoa za mgombea, pombe na mavazi. Hayo yana wapenzi wake, waachieni. Tabia inayohusu madaraka ni moja: anafanyaje anapozuiwa. Na hiyo ina nyaraka.

Anzeni na chama chake. Katiba ya chama inasema mkutano mkuu kila baada ya muda gani, na mara ya mwisho ulifanyika lini? Nani aligombea naye uenyekiti, na wako wapi leo? Kama wote waliowahi kushindana naye wamefukuzwa uanachama, huo ni ushahidi mzito kuliko hotuba kumi, maana chama ndiyo nchi ndogo aliyokwisha kuitawala.

Kisha masijala ya mahakama. Kama amewahi kuwa meya, gavana au waziri, tafuteni kesi ambazo ofisi yake iliamriwa kufanya au kuacha jambo. Gawanyeni mafungu matatu: alitii, alikata rufaa, alipuuza. Kukata rufaa ni haki yake, msikihesabu kama dosari. Kupuuza ndiko kunakoandikwa, pamoja na idadi ya siku tangu amri ilipotoka.

Ripoti za mkaguzi mkuu zinasaidia kwa namna ambayo watu hawaitazami. Msiangalie hoja za ukaguzi tu, angalieni safu ya majibu ya uongozi. Kuna wanaojibu kwa vielelezo, kuna wanaojibu kwa kumshambulia mkaguzi. Hoja ileile ikirudi miaka mitatu mfululizo bila jibu, mtu huyo haoni kwamba anadaiwa maelezo.

Wasaidizi waliohama nao wahesabiwe, kwa uangalifu. Ofisi isiyo na fedha hupoteza watu hata kama bosi ni malaika. Tazameni waliondoka wakisema nini, na je, waliosema "hapana" ndio waliotangulia kutoka?

Halafu kumbukumbu za zamani. Jair Bolsonaro alikuwa mbunge kwa miaka 27 kabla ya kushinda urais wa Brazil mwaka 2018. Mwaka 1999 alikwishasema kwenye mahojiano ya televisheni kwamba akiwa rais angelifunga Bunge siku hiyohiyo. Aprili 2016, akipiga kura ya kumwondoa Rais Dilma Rousseff, aliitoa kura yake kwa heshima ya kanali Ustra, aliyeongoza kituo cha mateso wakati wa utawala wa kijeshi. Hakuna kilichofichwa, watu waliviita vituko. Julai 2022 akiwa rais aliwaita mabalozi na kuwaambia mashine za kura hazifai, bila ushahidi, na mwaka uliofuata mahakama ya uchaguzi ikamzuia kugombea hadi 2030 kwa sababu ya mkutano huo. Septemba 2025 akahukumiwa miaka 27 na miezi mitatu kwa jaribio la kupindua matokeo.

Rodrigo Duterte vilevile. Alipoahidi kwenye kampeni ya urais mwaka 2016 kumaliza dawa za kulevya Ufilipino ndani ya miezi mitatu hadi sita, na kwamba wahalifu watauawa, ilitosha kusoma rekodi ya Davao alikokuwa meya kwa zaidi ya miongo miwili. Leila de Lima alikuwa ameanza kuyachunguza mauaji ya Davao mwaka 2009 akiongoza tume ya haki za binadamu. Akiwa seneta mwaka 2016 aliyafungulia uchunguzi tena, na Februari 2017 akatiwa ndani, akakaa hadi Novemba 2023. Kesi zote dhidi yake hatimaye zilianguka. Polisi wenyewe walihesabu zaidi ya watu 6,000 waliouawa kwenye operesheni zao. Machi 2025 Duterte alikamatwa Manila na kupelekwa The Hague.

Dogo la mwisho: tafuteni kama amewahi kusahihisha takwimu aliyokosea. Mara moja tu inatosha. Mtu asiye na hata moja katika miaka kumi ya kuongea hadharani, mimi namwekea alama.

Nuru ya Alfajiri

Samahani wakubwa, na kama wananchi wenyewe wanautaka mkono wa chuma? El Salvador wahalifu walikuwa wanaua hovyo, Rais Bukele kawafunga, watu wanalala usingizi. Mnawaambia nini?

Mzani wa Shaba

Swali zuri, na usidanganywe na anayekujibu kwamba hakuna kilichobadilika pale. Mauaji yalishuka sana, na alichaguliwa tena Februari 2024 kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura.

Lakini panga tarehe. Februari 9, 2020 aliingia bungeni na wanajeshi wenye silaha kushinikiza mkopo wa usalama. Mei 1, 2021 Bunge jipya lenye wingi wake liliwaondoa majaji wa chemba ya katiba ya Mahakama ya Juu na mwanasheria mkuu siku yake ya kwanza. Septemba mwaka huo majaji wapya wakasema anaweza kugombea tena mfululizo. Hali ya hatari ikaanza Machi 2022 kwa siku 30, na tangu hapo ikawa inaongezwa mwezi hadi mwezi. Julai 31, 2025 Bunge likaondoa ukomo wa mihula. Yaani majaji waliondolewa karibu mwaka mzima kabla ya hiyo operesheni ambayo watu wanaitaja kama sababu. Anayepima mgombea wa aina hii atenganishe ahadi ya usalama na vitu vilivyofungwa pamoja nayo kwenye kifurushi kimoja, aulize kila kimoja kinahitajika kwa kazi gani.

Na chombo hakimjui aliyekitengeneza wala rafiki zake. Turudi Ghana: baada ya bomu la Kulungugu Agosti 1962, waliowekwa kizuizini ni pamoja na mawaziri wa Rais Nkrumah mwenyewe, Tawia Adamafio na Ako Adjei. Ako Adjei ndiye aliyempendekeza Nkrumah aitwe kutoka ng'ambo mwaka 1947 aje kuwa katibu wa chama. Mahakama iliwaachia Desemba 1963. Nkrumah akamfukuza Jaji Mkuu, na kesi ikasikilizwa upya.

Kata Rekodi

Kabla hamjajaza jedwali hilo, hakikisheni maneno ni ya mtu. Vitu vinavyoharibika mara nyingi:

Klipu ya sekunde 15 iliyoanzishwa baada ya maneno "wapo wanaosema kwamba..." na kumgeuza mgombea kuwa msemaji wa maneno aliyokuwa anayapinga. Dawa yake ni kusikiliza dakika mbili kabla na mbili baada. Ukikosa video nzima, kauli hiyo haiingii kwenye jedwali, hata iwe tamu kiasi gani.

Tafsiri. Mgombea ameongea lugha ya mama jukwaani, gazeti limeandika kwa lugha nyingine, wewe unasoma tafsiri ya tafsiri. Tafuteni wasemaji wawili wa lugha hiyo, wasioungana kisiasa, kila mmoja aandike peke yake, kisha mlinganishe. Wakitofautiana kwenye kitenzi kikuu, andikeni zote mbili.

Sauti za kutengenezwa kwa akili unde. Slovakia, Septemba 2023, siku mbili kabla ya kura, ilisambaa sauti bandia ya mgombea Michal Šimečka akidaiwa kupanga wizi wa kura, wakati wa ukimya wa kampeni ambapo kujibu ni vigumu. Faili ya sauti tupu bila picha, bila mahali na bila mtu mwingine aliyekuwepo, ichukulieni kama uvumi. Kinyume chake kipo pia: mgombea aliyenaswa kweli husema "hiyo ni akili unde". Hapo ndipo rekodi ya pili, ya simu ya mtu mwingine kutoka pembe nyingine ya uwanja, inapokuwa dhahabu.

Baridi Kali

Hilo la tafsiri nimelipenda. Sasa nipeni maswali ya kumuuliza mgombea uso kwa uso, maana mwandishi akiuliza "wewe ni dikteta?" atajibiwa "hapana" na kipindi kimeisha.

Kipaza

Sheria ya kwanza ya swali ni kwamba jibu la "ndiyo" lazima limgharimu kitu na jibu la "hapana" limgharimu pia. "Unaheshimu katiba?" halimgharimu kitu, tupa.

Ulizeni kwa tukio. "Tume ikitangaza umeshindwa kwa kura elfu moja na mahakama ikakubaliana na tume, utampigia aliyeshinda simu?" Mwaka 2016, kwenye mdahalo wa mwisho wa Marekani Oktoba 19, Donald Trump aliulizwa kama atakubali matokeo, akasema ataangalia wakati ukifika. Alishinda, jibu likasahaulika, hadi alipokuja kushindwa 2020. Jibu la "nitakubali ukiwa wa haki" mlidai liendelee: wa haki kwa kigezo gani, na nani wa kukihakiki? Kama ni yeye mwenyewe, hajajibu. Na jibu zuri nalo lina muda wake wa kuharibika: Yahya Jammeh wa Gambia alikubali kushindwa Desemba 2, 2016, akalikana Desemba 9, akaondoka Januari baada ya majirani kuleta majeshi.

Swali jingine: "Taja uamuzi mmoja wa mahakama uliokuumiza na ukautii." Kimya kirefu hapo nacho ni jibu, kiandikwe sekunde ngapi.

La tatu: "Kwenye baraza lako, nani ana uwezo wa kukukatalia jambo, na mara ya mwisho alikukatalia nini?" Akitaja mkewe ili watu wacheke, rudieni swali.

La nne, la mihula: "Utapinga muswada wa kuongeza muda hata ukiletwa na wabunge wako, hata ukianza na rais ajaye?" Hizo *hata* mbili ni za lazima, ndizo njia mbili za kutorokea. Hugo Chávez alimwambia mtangazaji kabla ya kura ya Desemba 1998 kwamba ataachia baada ya miaka mitano. Alifia madarakani Machi 2013.

Kiambishi

Niongeze kwenye hilo la mwisho: msikilize kama jibu limekuja kwa *sita-* au kwa *sina mpango wa*. "Sitagombea" ni ahadi. "Sina mpango wa kugombea" ni taarifa ya hali ya hewa ya leo.

Kata Rekodi

Jambo la vitendo kabla uzi haujazama. Pakueni hotuba zenyewe sasa, msitunze kiungo peke yake, maana video za zamani hufutwa mtu akishakuwa mgombea rasmi. Faili moja iwe kwenye diski, nyingine kwa mtu mwingine anayeishi mbali na wewe. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha mahali. Andikeni dakika na sekunde kauli ilipo, ili anayekubishia asitafute saa mbili nzima. Na hotuba ambazo hazikuwa na kitu chochote kibaya mzitunze vilevile. Jedwali lenye nyekundu tupu halitaaminiwa na mtu ambaye bado hajaamua.